Saini ambayo Paulin Sebahire hakuiweka

Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, saa moja jioni. Paulin Sebahire amelala chali chini ya lori lake pale Buhene, kaskazini mwa Goma, mikono imejaa oili. Giaboksi, ambayo madereva wa Goma huiita bwati, ameishusha tangu asubuhi. Iko juu ya gunia, vipande vipande. Anasikia watu wanakimbia. Anatoka, anatazama, na mbingu ya upande wa volkano ya Nyiragongo imekuwa nyekundu.

"Injini ilikuwa nzima. Mafuta nusu tangi," anasema. "Lilikosa bwati tu. Hakujapambazuka, lava ilikuwa imeshalimeza."

Hakuna mkubwa aliyekuwa amesema kitu. Siku tano baadaye wakubwa haohao wakapata sauti: watu watoke, asubuhi moja. Sebahire na mkewe, Mukashyaka, mgonjwa wa sukari, wakatembea kupitia Mugunga mpaka Sake. Dawa iliishia njiani. Mukashyaka akafia kwenye veranda ya shule.

"Ningekuwa na lori ningemupandisha," anasema mgane huyu wa miaka hamsini na nane. "Bao wakubwa walikuwa na magari. Niliyaona yanatupita, vioo vimepandishwa. Mimi njo nilimuzika."

Sasa ni Agosti 2022. Sebahire, aliyeacha shule darasa la nne, ameuza kiwanja akanunua lori jingine, kuukuu, la kubeba viazi na makabichi ya Rutshuru. Muuzaji, kijana aitwaye Achille mwenye ofisi mtaa wa Himbi, Goma, anampa karatasi ya pili: aongeze dola mia tisa, na garanti, yaani dhamana, ya injini na bwati itoke miezi mitatu ifike miaka miwili. Mwezi mzuri Sebahire hubaki na dola mia mbili. Mwisho wa kusaini ni leo, Ijumaa, saa kumi.

Anayemsomea ni binti yake Munezero, mwalimu.

"Papa, saini. Bwati njo ilitumalizia mama."

"Soma tena ile ya nne."

Kipengele cha nne kinasema fundi mwingine yeyote akifungua injini au bwati, garanti imekufa. Lori liletwe Himbi.

Hapo ndipo penye mfupa. Kwenye barabara ya Rutshuru, dereva aliyeharibikiwa hukata matawi, huyapanga nyuma ya lori, kisha hungoja. Anayekuta matawi husimama, hata kama hamjuani. Hutoa spana, hutoa nati yake mwenyewe, huingia chini. Anayepita bila kusimama, habari zake humtangulia sokoni. Mwezi wa tano mwaka huu Sebahire alikuwa anaendesha lori la mtu karibu na Rumangabo, risasi zinalia, na madereva wawili wakamfungulia bwati wakaifunga. Hawakuulizana hata majina.

"Nikishasaini," anasema, "Kamate akisimama, nimwambie usiguse, ninangoja mutu wa Himbi?"

Kamate, dereva mwenzake wa Butembo, anatafuna muwa kando ya lori. "Sitasimama, muzee. Garanti itakuletea chai."

Saa tisa wako Himbi, mbele ya meza ya Achille.

"Lori likilala Rumangabo," anauliza Sebahire, "waasi huku, jeshi kule, mutu wenu atakuja kulivuta?"

"Papa, vita haimo."

"Na volkano?"

"Haimo pia, papa."

"Sasa ndani muko nini?"

"Injini na bwati. Kama barabara iko sawa."

"Barabara ya wapi hiyo, mutoto wangu? Nionyeshe, nihamie."

Munezero anajaribu kucheka, anashindwa. Achille anaangalia saa ya ukutani. Saa kumi inafika. Sebahire anaikunja karatasi bila saini.

"Imekupita, papa."

"Imewapita ninyi."

Wiki iliyofuata zile dola mia tisa zilinunua bwati iliyotumika. Inakaa Kibumba, kwenye barabara hiyohiyo ya Rutshuru, kwa mama mmoja muuza maharage. Dereva yeyote aliyekwama atafungiwa, atafika Goma, atengeneze yake, airudishe ile. Madereva kumi na mmoja wameshakubali kuchangia ya pili, ikae mji wa Kiwanja. Sebahire hataki mkubwa aje kuizindua.

Lakini Munezero, ambaye bado anaona baba yake alikosea, alimuuliza jambo moja, naye baba akamwambia aliandike vizuri, kwa Kifaransa cha ofisi. Amelipeleka ofisini kwa wakubwa wa mji. Akagongewa muhuri wa kupokelewa, akaambiwa apite kesho. Amepita mara nne.

Barua ina mstari mmoja: siku wenye bunduki watakapoitaka ile bwati ya Kibumba, awe mwasi, awe askari, ni nani kati yenu atakayesimama mlangoni kwa yule mama?