Mashua Iliyofungwa kwenye Mafunjo

Leo bwenini nimenusa kinyesi cha ndege dirishani, nikakumbuka kile kisiwa. Nilikuwa mdogo. Mwalimu alitupeleka kuona ndege na maua ya mwituni. Mzee aliyetuvusha ziwa akafunga mashua kwenye mafunjo, akidhani yameshika ardhi.

Wenzangu wakiinamia maua, mimi niliona mafunjo yakikatika na kuelea polepole, yakivuta mashua. Niliona haya kumkatiza mwalimu. Nikainamia maua na mimi.

“Haiya! Mashua iko wapi?” mzee akapiga kelele. Ilikuwa mbali.

“Mzee, usiingie majini! Kuna mamba!” mwalimu akamwambia.

“Sasa Mwalimu, hawa watoto walale hapa?”

Akavua shati, akanipa nimshikie. Lilikuwa na joto lake. Akajitosa majini kuifuata mashua.

Jioni wavuvi walipokuja kututoa, bado nilikuwa nalo, mwenyewe hajarudi.