Paa Lililovuja Kiangazi

Paa likivuja masika, watu husogeza vitanda wakaendelea na maisha. Likivuja kiangazi, hapo ndipo maneno huanza. Februari ya mwaka 1957, katika shule moja ya bweni huko juu ya Molo, wasichana kumi na wanne wa darasa la nane, waliokuwa wakilala darini, waliamka blanketi zao zimelowa, na mvua ilikuwa haijaonekana tangu Krismasi.

Fundi aliyeezeka paa hilo alikuwa Naftaly Kipketer, mtu mfupi, mkaidi, mwenye kujipenda kidogo. Kuanzia Elburgon hadi Olenguruone ulikuwa hukosi mtu wa kukuambia kwamba vibao vya mti wa mtarakwa vikipigiliwa na Naftaly havipitishi hata chozi, na kama ulimkosa, Naftaly angekuambia mwenyewe. Kwa hiyo habari ya blanketi ilipofika sokoni, mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Yeye hakuwa na la kucheka. Katika wale kumi na wanne alikuwemo Jerop, binti yake wa kwanza, aliyekuwa afanye mtihani mwisho wa mwaka. Bibi Mkuu wa shule, Mzungu mrefu asiyependa kurudia neno, alimwita akamweleza wazi.

"Naftaly, mbao yako ni mbaya. Watoto wanakohoa. Kamati inakaa tarehe ishirini mwezi wa tatu. Kama bado iko maji, nafunga huko juu, na hao kumi na nne wanarudi kwao. Hapa chini hakuna nafasi."

"Mbao yangu si mbaya, Bibi."

"Basi maji inatoka wapi?"

Naftaly akaenda kuchukua ngazi. 

Alipanda juu akang'oa kibao kimoja upande wa kivulini. Juu kilikuwa kikavu na kigumu, vile alivyokiacha. Alipokigeuza, chini kilikuwa cheusi, laini, ukucha ukazama ndani. Misumari ilikuwa imeshika kutu, na kwenye ncha ya kila mmoja lilining'inia tone la maji. Akang'oa cha pili, nacho kikawa vivyo hivyo. Mbao inayoharibiwa na mvua huoza kuanzia juu. Hii ilikuwa imeoza kutoka ndani ya nyumba.

Jumapili alikwenda nyumbani akamsimulia mkewe, Chepngeno, aliyekuwa akikagua mahindi ghalani.

"Wasichana kumi na nne wanalala huko darini," Chepngeno akasema. "Wanapumua usiku mzima. Hiyo pumzi inatokea wapi?"

"Haitokei. Si nilifunga kila mahali? Walipofanya dari iwe chumba cha kulala, Bibi Mkuu alitaka joto. Nikapiga mbao ndani, nikashindilia nyasi mpaka ikagusa vibao, halafu nikakandika ukingo wote na udongo na mavi ya ng'ombe. Hata nyuki hapati njia!"

Alisema hayo kwa majivuno, kabla hajayasikia mwenyewe. Chepngeno aliingiza vidole katikati ya fito za ghala, pale upepo ulipokuwa ukipita.

"Baba Jerop, mimi nikikandika hii ghala hivyo, mwezi wa nne utakula nini?"

Naftaly alihisi uso unamuwaka. Mtoto yeyote wa kwao anajua kwamba nyumba hukandikwa na ghala haikandikwi, maana mahindi yasipopata hewa huota ukungu. Pumzi ya wasichana ilikuwa ikipanda, ikigusa vibao vilivyopoa kwa baridi ya usiku, ikageuka maji. Lakini nyumba iliyokandikwa vizuri ni sifa ya mwenyewe, na yeye, kwa kupenda sifa, alikuwa amelikandika paa kama ukuta. Aibu ikamshika, na nyuma ya aibu ikaja furaha kubwa, kwa sababu sasa ugonjwa aliujua.

Angeweza kubadilisha vibao kimya kimya na kuusingizia mti. Badala yake, Jumatatu alisimama mbele ya Bibi Mkuu, kofia mkononi.

"Bibi, kosa ni langu. Mbao ni nzuri. Mimi ndiye nilinyima paa hewa. Nipe wiki mbili."

Bibi Mkuu akaamuru wasichana wahamie kwa muda ukumbi wa kulia chakula.

Dari ya ndani ilikuwa imepakwa rangi nzuri na hakutaka kuigusa, kwa hiyo kazi yote aliifanyia juu. Aliezua vibao, akapunguza nyasi, akabakiza ya kutosha kuzuia baridi. Juu ya kila boriti alipigilia ufito mnene kutoka ukingoni hadi mgongoni mwa paa, kisha akalaza fito za kukatiza, ndipo akarudisha vibao, vilivyooza akiweka vipya. Kati ya nyasi na vibao pakabaki nafasi ya upana wa kiganja. Udongo wa ukingoni aliubomoa kwa nyundo yake mwenyewe, akauma meno, akaweka wavu wa waya wa kuzuia nyuki na ndege. Kwenye mgongo wa paa aliacha mwanya mrefu, akaufunika kwa mbao zilizoinuliwa kidogo, mvua isiingie na hewa itoke.

Siku ya kumaliza, aliwasha majani mabichi ndani ya debe na kuliinua chini ya ukingo. Shule nzima ikatoka kutazama. Moshi ukaingia kwenye wavu, ukapotea. Watu wakangoja, wengine wakaanza kunong'ona. Halafu juu kabisa ukachomoza mstari mwembamba wa moshi, mgongo wote wa paa, na wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele.

"Naftaly, umechoma shule!" mpishi akapaza sauti.

Lakini moshi si baridi. Baridi yenyewe ilikuja usiku wa kuamkia tarehe ishirini, wasichana wakiwa wamesharudi kulala darini, nyasi zikapambazuka nyeupe. Naftaly alikuwa mlangoni mwa bweni kabla ya jua. Mwanamume hakuruhusiwa kupanda huko, awe fundi, awe baba. Mama Eucabeth, mlezi wa wasichana, ndiye aliyepanda na kitambaa cheupe cha kupangusia dari. Chini, Naftaly na Bibi Mkuu wakasikia vitanda vikisogezwa. Naftaly alikuwa akiomba, na hakujali nani anaona midomo yake.

Eucabeth akashuka, akampa Bibi Mkuu kitambaa. Bibi Mkuu alikikamua, akakigeuza, akampa Naftaly. Naftaly akakiweka shavuni.

"Kavu!" akasema. "Bibi, ni kavu kama unga!"

"Kavu," Bibi Mkuu akakubali, na kwa mara ya kwanza akampa mkono. "Leo kamati itakunywa chai tu."

Naftaly akacheka kwa sauti, machozi yakimtoka. Dirisha la juu likafunguliwa, Jerop akachungulia na kitabu mkononi.

"Baba, kelele! Sisi tunasoma!"

"Someni!" Naftaly akapaza sauti, kitambaa juu kama bendera. "Someni, mama! Hakuna mtu anarudi nyumbani!"