Safari Tuliyowaficha Watu

Ipo siku moja ambayo nitaikumbuka, mwanangu, hata nikilisahau jina langu mwenyewe. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili na kumi. Mimi kijana, kiuno changu kinaingia suruali yoyote, tunaishi Mount Druitt, pembeni mwa Sydney, na kaka yangu Deo, mkewe Fransina, watoto wao Kelvin na Divine, na mama yetu mzazi. Deo alikuwa amenunua gari la viti saba, na kwa muda wote tuliokaa Sydney hatukuwahi kuiona Australia ile ya kwenye picha: ardhi nyekundu, kangaruu, mbingu isiyo na kuta. Akasema, "Likizo hii ya shule tunaingia bara, mpaka pale ramani inapochoka."

Kisha akashusha sauti. "Ila asijue mtu."

Ngoja nikueleze hapo, maana wewe uliyezaliwa huku unaweza kutucheka. Sisi Warundi tuliokulia kambini kule Kigoma tulijua kwamba jambo jema likitangazwa kabla halijatimia, macho ya watu huliharibu. Tena ushahidi tulikuwa nao! Bwana mmoja alisimama kanisani Blacktown akaombewa safari ya Gold Coast. Gari likamfia hata hajatoka kwenye maegesho. Watu wakatazamana. Tangu siku ile, hata aliyekwenda dukani kununua chumvi alisema anakwenda kulala.

Basi kila mmoja wetu akaufunga uongo wake kama anavyofunga begi. Deo aliwaambia wa kanisani kwamba ana zamu kwenye nyumba ya wazee. Fransina aliwaambia wa saluni kwamba watoto wana mafua. Mimi nikawaambia wenzangu wa ghalani kwamba nakwenda Cabramatta kutafuta samaki. Mama peke yake alinuna. "Mtu huaga," alisema. "Hata kuku akitoka bandani hupiga kelele."

Tukavuka milima, tukalala Dubbo, na asubuhi tukaendelea magharibi. Raha iliyoje! Barabara ilinyooka hata kipofu angeweza kuendesha. Tuliona emu, ndege mrefu mwenye maringo ya bibi harusi, akishindana na gari letu, na nusura atushinde. Mchana tukasimama kwenye kituo cha mafuta, nyumba pekee katika upeo wa macho. Mwenye duka, bibi wa Kizungu wa rika la Mama, akatuuliza tunaelekea wapi. Mama akafungua kinywa kumjibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Deo akamwahi.

"Tunarudi Dubbo," akasema huku akitabasamu.

Garini Mama akamgeukia. "Yule naye atakuroga? Hata jina lako halijui!"

"Mazoea tu, Mama," Deo akajibu, akakata kona, akaingia njia ya vumbi iliyoelekea upande mwingine kabisa. Alikuwa amesikia kwamba mbele kuna ziwa lililokauka.

Na kweli lilikuwapo, jeupe, limepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Deo akaliingiza gari katikati. "Tuteleze kidogo, watoto wafurahi." Watoto wakapiga vigelegele. Kisha gamba la juu likavunjika, gari likazama ghafla, kama mtu aliyedhani kuna ngazi nyingine kumbe zimekwisha. Chini ya ule ukavu kulikuwa na matope. Tulisukuma. Tulichimba kwa sahani za plastiki. Tulitandika mkeka chini ya magurudumu, gari likaumeza mkeka. Deo akapanda juu ya paa na simu yake mkononi, akainyoosha kama anayemwomba Mungu mwenyewe, lakini mtandao haukuwapo.

Hapo ndipo nilipokisikia kile kimya. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Kimya cha mahali ambapo hakuna mbwa wa mtu, hakuna jogoo, hakuna moshi. Jua nalo lilishuka likaja kukaa na sisi. Nzi walikuwa wakubwa kiasi kwamba kila mmoja angestahili kupewa pasipoti.

Kelvin, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini jibu lake siku zote ni Kiingereza, akauliza nani atakuja kutuchukua: "Dad, who's coming to get us?"

Nilimwona Fransina akifikiri, nilimwona Deo akifikiri, na mimi nikafikiri, na sote tukafika mahali pamoja. Kanisani wanajua Deo anaogesha wazee. Saluni wanajua watoto wamelala na mafua. Ghalani wanajua mimi nachagua samaki. Katika dunia nzima hakuna mtu hata mmoja aliyejua tulipo. Tulikuwa tumekwisha kupotea kabla gari halijazama.

Maji yalibaki chupa moja, na soda zilizokuwa zimechemka kama chai. Mama akaibana ile chupa katikati ya magoti, akawa anawapa watoto kwa kifuniko. Divine, mdogo kuliko wote, alilia sana. Kisha akaacha kulia, akalala mapajani mwa mama yake, midomo imekauka. Ninakuapia, kilio chake hakikunitisha kama kule kunyamaza.

Deo akasimama. "Natembea mpaka barabara ya lami."

Mama akamkamata shati. "Wewe Deo, kaa chini."

"Mama, si wewe uliyetoka Burundi kwa miguu, umenibeba mgongoni?"

"Nilitembea kwa sababu kila kilima kilikuwa na mtu wa kuniambia maji yako wapi. Hapa utamwuliza nani? Emu?"

Siku nyingine tungecheka mpaka mbavu ziume. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Uliyakimbia macho ya watu," Mama akaendelea, taratibu, bila kupaza sauti. "Haya, leo hayapo. Umejificha vizuri sana, mwanangu. Hata Mungu akitaka kututumia mtu, amwambie aende wapi? Saluni?"

Deo, mtu wa mabega kama mlango, akajiinamia akalia. Mama akamwacha alie. Kisha akatuamuru tusogee kwenye kivuli cha gari na tusitembeetembee, akamwambia Fransina afunge kitenge chekundu juu ya paa. Akaanza kusali, na sisi tukamfuata kwa sauti zilizokauka.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipoona vumbi kwa mbali. Likakua, likawa pikapu, na ndani yake kijana mmoja na yule bibi wa dukani, wamebeba maji. Divine alikunywa huku amefumba macho. Bibi akatueleza, nami nakutafsiria: "Mlisema mnarudi Dubbo, lakini vumbi lenu likaenda huku. Nikasema hawa wamekosea njia, na wana watoto. Nikawa nachungulia dirishani lirudi. Halikurudi."

Kwa hiyo vumbi ndilo lililotuagia, mwanangu. Bado nikikumbuka mwili hunisisimka: je, kama upepo ungelitawanya vumbi lile? Je, kama mteja mmoja tu angemshika yule bibi kwa maneno asichungulie dirishani?

Akamwuliza Deo, bila ubaya wowote, "Kwa nini ulisema Dubbo?" Deo akaanza kujikung'uta matope ya suruali. Angemwelezaje? Mama akamkumbatia yule bibi, wakashikana muda mrefu, wazee wawili wasio na lugha moja.

Sasa sikia, mwanangu. Sikwambii utangaze mambo yako barabarani. Husuda ipo, na macho hayana pazia. Lakini kuaga si kutangaza. Mficha uchi hazai, na anayewaficha watu wote amejificha hata kwa mwokozi wake. Chagua mtu mmoja, mwenye kifua, umwambie kweli: nakwenda mahali fulani, kwa njia fulani, usiponiona siku fulani uulize. Na wala siongelei magari tu. Ukiugua, sema kwa mmoja. Ndoa ikiyumba, kazi ikipotea, moyo ukizama, sema kwa mmoja, na umwambie ukweli wote, usimpe nusu.

Nenda basi, tembea uone, dunia ni pana na ujana ni mfupi. Mungu akufungulie njia nyingi, na kwa kila njia akuwekee mtu anayejua kwamba umepita hapo, na anayekungoja urudi.