Sweta la Dada

Shemeji yangu ni dobi, tena dobi mwenye maringo. Ukimpelekea shati lenye doa la mafuta, atalishika kwa ncha za vidole, atakusema kana kwamba umemtukania mama yake, halafu atakurudishia limenyooka mpaka unaona haya kulivaa. Dada alipofariki, nguo zake zote alizifua, akazigawa. Akabakiza sweta moja la kijani. Hilo hakulifua. Alilikunja vilevile, na jasho lake na harufu ya mafuta yake ya nywele, akaliweka kwenye kapu chumbani.

Sasa, fundi viatu wa jirani na duka lake akanivuta pembeni. "Shemeji yako siku hizi anafunga mapema. Eti Mgeni kabaki peke yake nyumbani. Juzi kamnunulia mpaka maziwa."

Damu ilinichemka. Udongo wa kaburi la dada haujakauka, yeye keshaingiza mtu! Nikaenda mbio, nimejiandaa kumvua nguo.

Nikamkuta jikoni kapiga magoti, anapangusa sakafu. Kando yake katoto ka mbwa kanatetemeka. Dereva mmoja, mteja wake, alikaokota barabarani mama yake alipogongwa na gari, akakaacha dukani pamoja na furushi la nguo chafu.

"Mgeni ndiye huyu?"

"Ndiye. Nimemwita hivyo maana hakai. Akipata nguvu tu, namtafutia mwenyewe."

Nikaketi.

"Shemeji, huyu alikataa boksi, akakataa blanketi, akakataa hata chupa ya maji moto niliyomfungia kwenye taulo. Kulia tu mpaka sauti ikamkauka. Nikatoka kuanika nguo, kurudi kimya. Nikajua kafa."

Hakufa. Alikuwa ameingia kapuni, amelala ndani ya sweta la dada, pua kaizamisha mkononi mwa sweta.

"Hukumtoa?"

"Nilimtoa. Akaanza upya. Nikamrudisha."

Basi Mgeni akawa analala humo, na kila kukicha harufu ya dada ikawa inapungua, ya mbwa inaingia. Shemeji alikuwa anaisikia ikiondoka, maana pua yake ndiyo kazi yake. Akamwacha alale. Kosa likawa ni yale maziwa. Alidhani mtoto ni mtoto, akamnywesha ya ng'ombe akashiba, kumbe tumbo lake haliyawezi. Daktari wa mifugo alishampa dawa asubuhi hiyo, lakini sweta lilikuwa limeshaharishiwa. Lilikuwa kwenye beseni, halijaguswa na maji.

"Lete nikufulie," nikamwambia.

"Wewe? Sufu utaiua."

Hata siku ile hakuacha maringo. Akamimina maji ya vuguvugu, akalizamisha, akawa analibonyeza polepole bila kulifikicha. Akalisuuza, akalikamua ndani ya taulo, akalipeleka puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu zaidi. Machozi yalinitoka mimi. Yeye alikuwa bado anatafuta.

"Limetakata," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Kisha akaligeuza ndani nje na kulitandaza juani ili likauke upesi, kwa sababu Mgeni alikuwa ameanza kulia.