Maua ya Mpakani Niliyoyachuma kwa Mkono Wangu

Nikisimulia jambo hili uso unaniwaka mpaka leo, kwa hiyo mnaotaka kucheka chekeni sasa mmalize, halafu mnisikilize.

Mume wangu, marehemu Nkwabi, alipopata kiwanja chetu huku Ilemela, upande unaoshuka ziwani, hakuweka mawe ya mpaka (mawe huku yamejaa, nani angejua lipi la mpaka na lipi la Mungu), alipanda mstari wa yale maua mekundu ya duara, yenye kitunguu chini ya udongo, yanayochomoza mvua za kwanza zikinyesha, yanakaa wiki moja hivi yananyauka, na ukipita kiangazi utaapa hapajapandwa kitu. Yalikuwa ishirini na mawili, yamenyooka kutoka jiwe kubwa mpaka majini. Majirani wote wa zamani waliyajua, lakini walikuwa wameshakufa: Mzee Magesa, Mama Sikujua, Lukas fundi mitumbwi, wote.

Basi miaka ile ya biashara ya samaki sangara, watu wananunua viwanja vya ziwani kama karanga, akaja Renatus, mnunuzi wa samaki, akanunua cha jirani na kusema mpaka wake unafika mlangoni pa jiko langu. "Mama, hapa ni nyasi tupu," ananiambia, na shikamoo hajatoa! Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Masele, akasema wazee watakaa baada ya wiki tatu, kama nina ushahidi nilete. Wiki tatu! Maua yalikuwa yamefunguka asubuhi ile ile. Ndipo binti yangu Kabula akasema, mama, yapigwe picha.

Tukamwita Fidelis, mpiga picha wa Nyakato, akaja na baiskeli, kamera ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, mvua inanyesha. Na hapa ndipo nilipojiharibia, maana nilipomwona anapanda kilima niliingia ndani nikavaa kitenge changu cha Pasaka na viatu. Kwa nini? Hakuna aliyeniambia. Nilisikia kamera, nikavaa.

"Shikamoo mama. Umependeza! Simama hapo."

"Marahaba. Piga maua, baba, mimi siyo kesi."

"Mama, picha isiyo na mtu ni kuharibu filamu. Nani ataitazama?"

Nikaona ana hoja (yeye ndiye mwenye kazi yake, mimi darasa la pili niliishia), nikasimama mbele ya maua. Akapiga. Akanisogeza, akapiga. Akasema ua moja mkononi lingeleta rangi, nikachuma moja. Akafunga jicho moja, akasema moja linaonekana kama kijiko, ongeza. Nikaongeza. Kabula ameshika mwavuli, anacheka, "Mama, kama bi harusi!" na mimi mpumbavu nikafurahi, nikainama, nikaendelea kuchuma huku nikishuka na mstari wa marehemu, moja baada ya jingine, mpaka nikakanyaga maji ya ziwa na viatu vyangu.

Ikabaki picha moja kwenye filamu. Nikakumbuka. "Sasa piga mpaka wenyewe, bila mimi." Akapiga. Maua yote ishirini na mawili nimeyakumbatia mimi.

Mngedhani hapo ningeshtuka. Wapi! Picha ziliporudi kutoka kusafishwa mjini nilizifunga kwenye khanga bila kuzitazama vizuri, nilijiona nimependeza, nikatosheka.

Siku ya kikao Mzee Masele akazipitisha benchi zima, kwa Mzee Shija, kwa Mama Veronika, kwa Mzee Bundala, nikaona mabega yanaanza kutikisika.

"Mama Kabula, huu ni ushahidi au unaposwa?" akauliza Bundala, na watu waliojaa dirishani wakapiga vigelegele.

"Maua yenyewe hayo mkononi, hamyaoni?" nikapiga kelele.

"Tunayaona," akasema Renatus, taratibu, kwa adabu sasa. "Hata makaburini yapo. Aliyachuma wapi?" Halafu akainua ile picha ya mwisho, ile isiyo na mimi, akaionyesha kila mtu: jiwe, mvua, na nyasi tupu. "Wazee, mimi nilisema nini?"

Nilimrukia. Nasema kweli, nilimrukia, kilemba kikaanguka, Mama Veronika akanishika kiuno, na dirisha lote likacheka upya.

Renatus akapewa hatua kumi na mbili za kiwanja changu. Akaweka senyenge. Mvua za mwaka uliofuata maua yakatoka yote, mstari umenyooka kama kamba, ndani ya senyenge yake. Nilikimbia kwa Masele nimelowa, akaniambia, "Mama Kabula, kesi imekwisha, picha zako mwenyewe ndizo zilizoamua." Niliporudi mke wa Renatus alikuwa amesimama katikati ya maua, mtoto mgongoni. "Shikamoo mama, ona maua mazuri yaliyoota kwangu!" Sikuitikia. Mungu anisamehe, mpaka leo ile shikamoo sijaiitikia.

Ile picha niliyokaa kama bi harusi, Kabula aliitia fremu. Anasema ndiyo watakayoweka juu ya jeneza langu, eti hakuna nyingine niliyotabasamu hivyo. Nimewaambia wanangu wote, na ninyi muwe mashahidi: atakayeiweka hapo siku hiyo nitaamka. Na wajukuu wakija na kamera zao nawaambia, pigeni mnachotaka kukionyesha, bibi yenu mwacheni jikoni.