Bibi, Mkalimani Wangu

Kila nikipita mahali mandazi yanapokaangwa, namkumbuka bibi yangu wa Bwera, aliyekuwa mkalimani wangu.

Nilizaliwa na mdomo uliopasuka hadi ndani kwenye kaakaa. Mdomo ulishonwa nikiwa mchanga, lakini kaakaa lilisubiri, na maneno yangu yote yalitokea puani. Bibi peke yake ndiye aliyedai kuyaelewa. Jirani yetu, mama mmoja wa Butembo, alipopita na mandazi yake ya kuuza, mimi niliomba maji, naye bibi akatafsiri, "Anasema umuongeze moja." Jirani alinihurumia, akaongeza. Bibi akala.

Baadaye kaakaa nalo likashonwa, huko Kasese mjini. Kidonda kilipopona, muuguzi alinifundisha kupuliza vipande vya karatasi na kusema pa, ba, pa, ba. Nyumbani mama alinirudisha kwenye zoezi hilo mpaka kuku wakaacha kushtuka. Lakini mbele ya wageni sikuthubutu kufungua kinywa, nikiogopa kuchekwa.

Asubuhi moja jirani akaja. Bibi akaanza, "Anasema..."

"Hapana," nikasema. "Mimi sipendi mandazi. Bibi ndiye anapenda."

Jirani akatua beseni lake. "Kumbe mutoto iko nasema muzuri."

Nilingoja kofi. Bibi alinitazama, machozi yakimlengalenga, kisha akamwita mama aliyekuwa kwenye migomba.

"Kuja usikie," alisema. "Mtoto ananishtaki, na kila neno linasikika."