Kicheko cha Jenezani

Prapai alikuwa amekufa mara ishirini na mbili, zote mbele ya kamera. Saratani, sumu, ngazi, pikipiki. Tangu avuke miaka arobaini na mitano, watengeneza tamthilia wa Bangkok walimwona mama wa mtu tu, na mama wa mtu kazi yake ni kufa mapema ili mwanawe apate cha kulilia. Upuuzi mtupu.

Safari hii aliahidiwa kuishi. Kong, mwongozaji kijana anayemwita Shangazi, alimfuata nyumbani na tunda la duriani mkononi, akaapa kwamba ataigiza mjane wa miaka sitini na moja anayependana na fundi saa. Busu lipo. Prapai alikariri kila neno, na sentensi moja ilimkaa kichwani hata akawa anaisema akiosha vyombo.

Leo asubuhi, anapakwa poda, ndipo Kong akamtajia mabadiliko, macho yake yakiwa kwenye simu. Wenye matangazo, wanaolipia tamthilia, wamesema hakuna anayetaka kuona vikongwe wakibusiana. Mjane atakufa katika sehemu ya pili. Prapai akauliza, na fundi saa je, mwenye miaka sitini na mitatu? Yeye anabaki, Kong akajibu kwa sauti ya chini, amepewa mchumba wa miaka ishirini na minane.

Basi akalala jenezani, mikono kifuani, hasira zimemjaa, huku binti wa tamthilia akimlilia kwa vituo. Walipomaliza, kamera haikuzimwa. Kwa desturi yao, aliyeigiza maiti lazima ainuke aicheke kamera, aikung'ute nuksi ya kifo, la sivyo hakuna atakayethubutu kukunja hata waya. Mara ishirini na mbili Prapai alicheka bila hata kuombwa.

Akainuka, akaikazia macho kamera bila kucheka. Mtu wa taa akashika hirizi yake shingoni.

"Shangazi, cheka basi," Kong akabembeleza. "Usituachie nuksi."

Prapai akavuta pumzi. Kisha akasema, polepole, kama mbele yake kuna mwanamume na si kioo cha kamera, "Pole zako nimechoka nazo. Nipeleke dansini."

Ndiyo ile sentensi ya mjane kwa fundi saa, iliyokatwa. Aliyempaka poda akaacha kuchezea mkoba wake. Kong akakiri kwamba hajawahi kuona kitu kizuri kama kile.

"Najua," Prapai akasema. "Kwa hiyo utaiweka?"

Kong akatikisa kichwa. Haiwezekani. Akaomba tena, tafadhali, acheke, watu wanataka kwenda kwao.

"Basi nichekeshe. Niambie tena habari za yule mzee na mchumba wake."

Kong akarudia, neno kwa neno, akitazama viatu vyake. Prapai akacheka mpaka poda ya maiti ikachuruzika kwa machozi. Watu wakapumua, wakaanza kukunja waya.